Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nafasi za Utafiti wa Mimea na Wadudu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitajibu swali ambalo vijana wetu wameniuliza mwaka mzima: nafasi ziko wapi?

Kwa uzamivu, mlango wa kwanza bado ni icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Mpango wake wa kufundisha watafiti wa uzamivu, ARPPIS, upo tangu 1983: unajisajili chuo kikuu, utafiti unaufanyia kwenye vituo vya icipe, Duduville au Mbita, na wengi wamelipiwa na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo. Mwenye ufadhili kutoka kwingine, wa uzamili akiwemo, apitie DRIP, mpango mwingine wa icipe.

Lakini nafasi bila swali la utafiti haisaidii. Maandiko mengi ya miradi niliyoletewa niyasome yanasifu wadudu kurasa mbili nzima, kisha yanaomba pesa. Tazameni kilimo cha sukuma-vuta. Miaka yote tumefundishwa kwamba desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ukipandwa kati ya mahindi hufukuza kwa harufu nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na majani ya nepia ya pembeni huwavuta. Mwaka 2024 likatoka chapisho linalodai harufu hiyo ni hafifu mno, na kwamba kazi inafanywa na vinywele vya desmodiamu, vyenye ncha iliyopinda kama ndoana, vinavyomnasa kiwavi mchanga asiweze kutambaa tena. Watafiti wengine wakaenda kupima harufu kwenye mashamba ya wakulima, na wao hawakubali iwekwe kando. Ubishi haujaisha, na mtu mwenye darubini na shamba la kuazima anaweza kuuingia.

Au nendeni Laikipia, Kenya. Kule migunga hulindwa na sisimizi wanaoishi ndani ya vinundu vya miiba yake. Wakaja sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua walinzi, tembo wakavunja miti, na simba wakakosa maficho ya kuvizia pundamilia, ikabidi wazidi kuwinda nyati. Chapisho hilo lilitoka kwenye jarida la Science mwaka 2024, na jina la kwanza ni la Mkenya, Douglas Kamaru, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Alianza na sisimizi, jamani.

Baada ya uzamivu ndipo panapotuumiza. Nafasi nyingi ni za mkataba mfupi, zimefungwa kwenye mradi wa mfadhili. Mradi ukiisha, mtafiti anarudi nyumbani au anahama fani. Walio tayari kwenda mbali waitazame taasisi ya Max Planck ya ekolojia ya kemikali, Jena, Ujerumani, ila wamwandikie kiongozi wa kundi la utafiti mapema, kabla tangazo halijatoka. Anayekuja kufanyia kazi huku aanze na kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi: NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania. Msimu wa mvua haungoji barua, na anayechunguza wadudu akiukosa amepoteza mwaka.

Kamati inapendekeza kila andiko la mwanachama lisomwe na wenzetu wawili kabla ya kutumwa. Wenye shahada za uzamivu mlio tayari, mpeni katibu majina yenu kabla hatujaingia kwenye uchaguzi.