Muscat au Kigali: barua kwa Mama Neema

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mama Neema mpendwa,

Mbukwenyi! Huku tu wazima. Jose anakua hadi sare za mwaka jana zimekuwa kaptula za kuchezea, na mama kule Mvumi bado anapalilia karanga zake mwenyewe, ukimwambia apumzike anakuuliza apumzike na nani. Mvua imetuhurumia kidogo mwaka huu, mtama umesimama. Zabibu zimeanza kuvunwa, pale Majengo zimejaa mabeseni hadi barabarani. Ungekuwa karibu ningekutumia.

Uliniuliza kwenye simu nimefikia wapi na safari, nikakukwepa. Lile si jambo la kuongea umesimama kwenye daladala. Sasa nimekaa, Jose kalala, nakueleza yote.

Kazi ziko mbili. Ya kwanza unaijua, ile shule ya binafsi ya Muscat, Oman: kufundisha Kiingereza madarasa ya chini, mkataba wa miaka miwili, riyali 350 kwa mwezi, nyumba juu yao. Ya pili imeingia baada ya Krismasi, shule ya binafsi Kigali: kufundisha Kiswahili sekondari, faranga 850,000 kabla ya makato, nyumba najitafutia, lakini Jose anasoma hapohapo bila ada.

Nakusikia unavyosonya. Utasema mwanamke mwenye akili hawezi kulinganisha riyali na faranga. Na kwa mshahara pekee una haki. Riyali ya Oman imefungwa kwenye dola tangu 1986, moja ni kama dola 2.6, haiyumbi, kwa hiyo zile 350 ni kama dola 910, na kodi ya mshahara kwa mtu wa kipato changu kule haipo. Kigali kodi yao kwa ngazi ya juu inafika asilimia 30 kama yetu hapa, ukitoa na michango ya mafao, ukitoa na pango, kinachobaki mkononi hakinizidishii sana ninachopata sasa. Nimepiga hesabu hiyo kwa kalamu, nikaipiga tena kwa simu, jibu halibadiliki.

Na kuna jambo linalonivuta Muscat kuliko unavyodhani. Ile nyumba yangu ya Nzuguni imefika lenta ikagoma hapo. Wakati nanunua kiwanja watu walinicheka kwamba nahamia porini, leo jirani zangu ni watumishi waliohamia na wizara zao, kila mmoja kashapaua, na mimi nina kuta zinazoota nyasi ndani. Mwaka mmoja wa riyali ni bati, mbao na madirisha. Nikilala nafikiria bati, Mama Neema, sikutanii.

Sasa nikueleze kinachonizuia, nacho ni hiyo nyumba ya Muscat wanayonipa bure.

Niliomba wanitumie mkataba mzima, siyo ile barua ya ukurasa mmoja yenye nembo. Nyumba ni fleti ya shule, walimu watatu wanawake, kila mtu chumba chake, jiko na sebule mnashirikiana. Hapo sina neno, bwenini chuoni UDOM tulibanana na tukamaliza. Lakini kifungu cha chini kinasema nyumba ni ya mwalimu peke yake, mtoto haruhusiwi. Na kingine kinasema ajira ikikoma kwa sababu yoyote, unahama ndani ya siku saba. Wakati huohuo kibali cha kuishi nchini anayekuombea ni huyohuyo mwajiri. Kwa hiyo mwalimu mkuu akiamka vibaya siku moja, napoteza kazi, kitanda na karatasi za kuishi kwa sahihi moja. Kwa haki niseme, kule mambo yamelegea kidogo: tangu Januari 2021 ukimaliza mkataba huhitaji tena barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani ili uende kwa mwingine. Lakini ni ukimaliza. Ukiwa katikati bado umeshikwa.

Hapa Dodoma nimeonewa sana na wenye nyumba, wewe shahidi. Tangu Serikali ihamie huku kweli, ile 2016, chumba tulichopangia enzi zetu sasa mtu anakitajia bei bila haya na ukisita anakuambia kuna ofisa wa wizara anakuja kesho. Kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka. Dalali anataka ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo umempa hela ya kukuonesha vyumba ambavyo vingine hata mlango havina. Maji ya mgao, ukiyapata yana chumvi hadi chai inakataa sukari. Haya yote nayajua. Ila nikishalipa ile miezi sita, mkuu wangu wa shule hawezi kunitoa ndani ya nyumba hii hata tukigombana mchana kutwa. Kazi iko kwake, ufunguo uko kwangu. Sikuwahi kuliona hilo kuwa ni mali hadi niliposoma kile kifungu cha siku saba.

Kwa hiyo niliwaandikia Muscat kwa heshima zote. Nikawaomba badala ya fleti wanipe posho ya nyumba mkononi, hata kama ni ndogo, nipange mwenyewe na niweze kuja na mtoto. Nikaomba pia tiketi ya likizo iandikwe kwenye mkataba. La tiketi walijibu siku ileile: sawa, kila mwaka kwenda na kurudi. La nyumba, kimya. Nikawakumbusha, wakanijibu kuhusu joto na nguo za kuvaa darasani. Kimya cha namna hiyo mimi nakihesabu kuwa jibu.

Halafu somo lenyewe. Kule nitakuwa mwalimu wa Kiingereza kati ya watu wenye pasipoti za Uingereza na Afrika Kusini. Sote tunajua kwenye shule za Ghuba pasipoti huingia kwenye mshahara kabla ya cheti. Nitafundisha alfabeti vizuri, sina wasiwasi, lakini nitakuwa wa mwisho kwenye foleni. Kigali wananitaka kwa Kiswahili. Rwanda walikifanya lugha rasmi 2017, shule zinakitaka, na walimu waliokisomea hawatoshi. Nimeshajua kwamba kumfundisha mtoto ambaye nyumbani anaongea Kinyarwanda si sawa na kukaririsha ngeli kidato cha pili pale kwetu. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wana mafunzo mafupi ya kufundisha wageni, nataka niyapate kabla ya kuondoka popote pale. Hata nisipoondoka yatanifaa, maana hapa mjini wageni wanaongezeka.

Sijakueleza habari ya wakala. Kabla sijaongea na shule moja kwa moja, kulikuwa na kijana mmoja Dar aliyejitambulisha kama wakala, akataka ada ya usajili, halafu ada ya faili, halafu ada ya kuharakisha. Nikamuomba leseni ya Kamishna wa Kazi. Akaniambia mama, wewe unataka kazi au unataka leseni? Nikamwambia leseni kwanza. Hajanitafuta tena. Shule nikaitafuta mwenyewe, ikawa ipo kweli na nafasi ipo kweli. Mwambie yule binamu yako anayehangaika na kazi za Uarabuni, aanzie TaESA, ile ofisi ya Serikali ya huduma za ajira, asianzie kwenye magrupu ya WhatsApp.

Karatasi siziogopi, maana karibu zote zinafanyika hapahapa. Hati ya tabia njema unatoa alama za vidole polisi. Vyeti unavigonga muhuri kwa wakili, unavipeleka Wizara ya Mambo ya Nje pale Mtumba. Kama ni Oman vinabaki vya kupeleka ubalozini kwao Dar, na siku hizi kwa treni ya SGR Dar ni shilingi 31,000, unaondoka asubuhi na jioni umerudi ukapika. Pasipoti ninayo, ya Jose bado: 150,000. Kwa Kigali mzigo ni mwepesi zaidi, kwa kuwa Rwanda haiwatozi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ada ya kibali cha kazi. Kibali unaomba, ila hulipii.

Linaloniumiza kichwa ni utumishi wangu serikalini. Nimeomba likizo bila malipo. Mkuu wa shule ameipitisha, sasa iko kwa mkurugenzi wa jiji. Wapo wanaonishauri niondoke tu kimyakimya, eti hakuna atakayegundua hadi uhakiki wa watumishi. Mimi hapana. Utoro kazini ukishaandikwa kwenye faili lako, umetupa miaka yako yote. Unajua pensheni ya PSSSF, mfuko wetu watumishi wa umma, inataka uwe umechangia miezi 180, na mimi sijaifikisha. Nikipata likizo, nikirudi naendelea nilipoishia. Nikifukuzwa, nitakuja kuhesabu karanga na mama. Bodi ya Mikopo nayo haijanisahau, asilimia 15 yao ya mshahara, deni la chuo, wanaikata kila mwezi hapa, na nikiwa nje itabidi niwe nawapelekea mwenyewe.

Jose ndiye mwenye maswali magumu. Muhula wa Rwanda unaanza Septemba, wetu Januari, na kule wanasoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Atatoka darasa la tano hapa, wakimpima huenda wakamrudisha la nne. Nilimwambia polepole, akauliza kama kule kuna mpira. Lakini nikimwacha Mvumi miaka miwili, bibi yake atamlea vizuri kuliko mimi, hilo nalijua, na bado sitaki. Ada ya shule kama ile ya Kigali nisingeweza kuilipa hapa hata nikiuza kile kiwanja. Ukiiweka hiyo ada kwenye mizani upande wa faranga, pengo na riyali linapungua sana. Halizibiki, linapungua.

Pango la Kigali ndilo sijalishika vizuri. Kuna mwalimu wa Kitanzania anafundisha huko, tumeunganishwa kwa simu. Ananiambia nisianze na Kacyiru kwenye mabalozi, niangalie Kimironko karibu na soko, au Nyamirambo ambako Kiswahili utakisikia dukani na msikitini. Umeme wananunua kabla ya kutumia, kama sisi LUKU. Ananiambia pia Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi usipange safari, watu wote wako kwenye umuganda wanafanya usafi wa mtaa, na mpangaji mgeni akijitokeza na jembe majirani wanamzoea haraka. Hilo nimelipenda. Tatizo lake ni vilima. Mimi mtoto wa tambarare, nimezoea kuiona mvua ikiwa bado Bahi, huko nitapanda ngazi kwenda kununua chumvi.

Kwa hiyo nimefika hapa: Muscat wakinijibu hadi mwisho wa mwezi kwamba posho ya nyumba naipata mkononi na mtoto anaruhusiwa, nitakaa chini upya, bati linaniita. Wasipojibu, nasaini Kigali. Nzuguni itasubiri. Nimemuomba fundi aje anifunikie zile kuta kwa juu zisiendelee kunyonya maji, na mjomba wa Jose atalima mchicha humo ndani ya sebule yangu, angalau pasikae bure.

Sasa naomba kazi yako. Kaka yako bado anaendesha lori la Dar–Kigali? Nataka aniulizie mambo matatu kwa watu anaolala kwao, siyo kwa madalali. Vyumba viwili na sebule Kimironko ni bei gani kwa mwezi, bila kuongezewa bei ya mgeni. Wenye nyumba wanataka miezi mingapi mbele. Na yeye mwenyewe angenitoza kiasi gani kunichukulia friji, kitanda cha Jose na maboksi ya vitabu kutoka hapa hadi ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, maana nikiuza hapa nitapata nusu na huko nitanunua mara mbili. Mwambie sitaki bei ya undugu, nataka bei ya kweli. Ya undugu huwa inabadilika njiani.

Nikipita na basi nitashuka Kahama nilale kwako usiku mmoja, andaa michembe ya viazi. Na kama unaona hesabu yangu ya nyumba imepinda mahali, niambie sasa, kabla ya kusaini. Usinionee huruma, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma mkataba kuanzia ukurasa wa nyuma.

Msalimie Baba Neema. Mwambie lile deni la kuku bado lipo kwenye daftari.

Wako,
Mama Jose