Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeacha kazi ya wazee

Mdogo wangu,

Shangazi kaniambia umewaeleza watu wa msibani kwamba mimi ndiye niliyekuchomea kwa nesi wa zamu, kule kwenye nyumba ya wazee huku Marekani ulikokuwa msaidizi wa wauguzi. Ni kweli, nilikuchomea. Ila hukuwasimulia lililotangulia, na kwa kuwa umeniziba kwenye simu, naandika hapa. Watasoma na wengine, shauri yako.

Bibi wa chumba cha pembeni alikuwa amelala nusu, kitanda kimeinuliwa kidogo tu, kichwa kimeangukia nyuma. Wewe umesimama, simu umeibana begani, unacheka na mtu wa Tabata. Nyama iliyosagwa, viazi na pichi ulikuwa umevivuruga vyote pamoja, sahani nzima imekuwa rangi ya udongo. Umeshika kijiko cha supu, tena kimejaa. Alipokohoa ukampa maji ya bomba, na kadi iliyo juu ya sinia imeandikwa vinywaji vyake viwe vizito, kiwango cha 2. Akakohoa tena hadi machozi. Ukamkwangua kidevu kwa ukingo wa kijiko, ukaingia kwenye kompyuta ukaandika amekula asilimia 75.

Hiyo 75 ndiyo iliyonikaa rohoni. Kikohozi ningekinyamazia, ningesema ni uchovu. Lakini ile namba wanaisoma watu. Mtaalamu wa lishe anaiangalia kabla hajaamua kuongeza maziwa ya nguvu, na nesi anailinganisha na mizani. Huku Marekani mkazi wa nyumba ya wazee akipungua asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au 10 kwa miezi sita, hiyo ni dalili ya hatari na lazima itafutwe sababu. Kwa bibi wa kilo 50 ni kilo mbili na nusu tu. Ukiandika anakula kumbe hali chakula, mizani ikishuka watatafuta saratani, watatafuta tezi, watabadilisha dawa. Hakuna atakayetafuta kijiko.

Najua saa 75 za mafunzo ambazo sheria ya Marekani ya 1987 inazitaka hazimtoshi mtu kujifunza kulisha. Basi soma, hata kama umenuna.

Mkalishe kwanza. Makalio yarudi mpaka nyuma ya kiti, mgongo wima, miguu ikanyage kitu, kidevu kishuke kidogo. Kichwa kikirudi nyuma njia ya hewa inabaki wazi na chakula kinateremkia huko. Kama hawezi kutoka kitandani, inua kitanda mpaka mwisho, lakini msogeze juu kwanza, la sivyo atakunjika kifuani badala ya nyonga. Wewe nawe kaa, macho yenu yawe usawa mmoja. Ukisimama atainua shingo kukutazama, na shingo hiyo ndiyo inayompalia. Tumia kijiko cha chai, nusu. Chakula kimoja kimoja, na umwambie ni nini, maana kilichosagwa hakitambuliki kwa macho. Tazama koromeo lipande na kushuka ndipo ulete kingine. Kama alipata kiharusi, chungulia shavu la upande uliolegea, huko ndiko chakula kinakojificha. Akimaliza asilazwe kabla ya nusu saa.

Unga wa kufanya vinywaji vizito upime kwa kijiko chake, koroga, usubiri dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Wengi wanaongeza kwa sababu bado ni chepesi, kisha kinageuka uji mgumu na mzee anagoma kunywa siku nzima. Aiskrimu na jeli usimpe mpaka nesi akubali: zikifika mdomoni zinayeyuka, zinakuwa maji matupu.

Na mdomo wenyewe, ambao nyote mnauruka kwa sababu haunuki mpaka umwinamie. Wadudu wa mdomoni wakishuka na mate hadi mapafuni wanaleta nimonia, hata kwa asiye na jino hata moja, hata kwa anayelishwa kwa mrija. Piga mswaki asubuhi na usiku, fizi na ulimi pia. Meno ya bandia yaoshwe kwa maji ya kawaida au vuguvugu, ya moto yanayapinda. Tandika taulo kwenye sinki kabla hujayashika, yakiponyoka yasivunjike. Usiku yatoke. Na kabla hujatupa leso za karatasi za sinia, zifunue. Wazee wanayavua wakila, wanayakunja humo, yanaishia kwenye pipa la taka, kisha wiki nzima mtu anakula uji akisubiri daktari wa meno.

Kwenye kugeuza wagonjwa sina la kukufundisha. Wewe ndiye uliyegundua kidonda cha kulalia kilichokuwa kinaanza kwenye kisigino cha yule babu mweusi wa kule mwisho, wakati wengine wote walitazama wakaona sawa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Wewe uliweka mgongo wa mkono ukasema hapa pana joto, tena pagumu. Ulimwegemeza ubavuni kwa nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, na mmoja chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Hukumkalisha kwenye ule mpira wa duara wenye tundu katikati ambao watu bado wanauleta wakidhani unasaidia, na kumbe unabana damu pembeni ya kidonda. Hukumsugua. Hukumburuta, uliniita tukamwinua kwa shuka. Nilijivuna mbele ya watu kwamba huyu tumezaliwa naye tumbo moja. Ndiyo maana nashindwa kuelewa mkono huohuo ulishikaje kile kijiko.

Utasema watu kumi kwa mtu mmoja. Sikukatalii. Ile kanuni ya 2024 iliyotaka saa 3.48 za uangalizi kwa kila mkazi kwa siku, mahakama ya shirikisho huko Texas iliifuta 2025 kabla hesabu ya saa haijaanza kutumika, kwa hiyo usikae kuisubiri. Lakini hata kwa watu kumi kuna mpangilio. Sinia la anayelishwa lisitoke kwenye toroli mpaka una mkono wa kumlisha. Gawia kwanza wanaojilia, wafungulie vifuniko, wakatie nyama, ndipo ukae. Ukimaliza zamu ya chakula na hukumfikia mtu, mwambie nesi hukumfikia. Andika sifuri. Sifuri inaleta msaada, 75 inaufukuza.

Hata kuoga ni hivyohivyo. Yule mama aliyekupiga kofi, na ukamwandika ni mkali, alikuwa anaogopa baridi. Chumba kipashwe joto kabla ya kumvua nguo, taulo la joto limfunike mabegani muda wote, uanze na miguu, nywele na uso mwisho. Akikataa, ondoka, rudi baada ya dakika ishirini kama mtu mpya. Kwa mwenye kusahau inafanya kazi kuliko kumbembeleza palepale.

Unasema ningekuambia wewe kwanza. Nilikuambia kuhusu simu, mbele ya kabati la shuka, ukanijibu kwamba yule si bibi yako. Ulitaka nikuambie mara ngapi? Huku anayeona mkazi anatelekezwa akanyamaza naye ana hatia. Na nilimwambia nesi wa zamu, sikuandika barua jimboni, kwa mamlaka ya serikali. Kuna tofauti kubwa, na wewe unaijua. Nesi alitaka ukae siku moja na mtaalamu wa kumeza akuoneshe, basi. Shauri likifika jimboni na ukathibitishwa kwa kutelekeza mgonjwa, jina lako linawekwa alama kwenye daftari la wasaidizi wa wauguzi na hakuna nyumba ya wazee itakayokuajiri. Mimi nilikukinga na hilo, wewe ukavua beji ukaiacha mezani, ukaenda kutangaza kwamba dada yako ana roho mbaya. Mama naye kaniuliza kama ni kweli. Nimjibu nini?

Hela za dawa za Mama za mwezi huu nimetuma zote, sehemu yako pia. Hilo tutaongea sisi wawili.

Lingine, kwa kuwa sidhani kama kuna aliyekwambia: cheti chako hakitakusubiri. Ukipitisha miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hii kwa malipo, utatakiwa urudie mafunzo au mtihani upya, na ada ya mtihani siku hizi si ndogo. Hesabu tangu siku ile ya beji. Ukipata pengine pa kufanyia kazi, hata zamu za wikiendi tu, chukua, na siku ya kwanza kabla hujagusa mtu omba uoneshwe mpango wa matunzo wa kila mkazi wako: anameza nini, anainuliwa na watu wangapi, meno ni yake au ya bandia. Wakikuambia utajifunza ukiendelea, usikubali, ngoja mpaka wakuoneshe.