Mgao ukipunguzwa, shule za kutwa ndizo huumia zaidi

Mhariri,

Mjadala kuhusu haki ya mzazi kumchagulia mwanawe shule umejaa majina ya shule kubwa, lakini hesabu zake hazitajwi. Mwanafunzi anayejiunga na Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, hujaza shule 12: tisa za bweni, tatu za kutwa. Kwa wazazi wengi hapa Nairobi, hasa Eastlands, hizo tatu ndizo wanazoweza kumudu.

Serikali iliahidi kuzipa shule mgao wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba zinazopatikana ni Sh16,900. Pengo ni Sh5,344 kwa kila mwanafunzi. Shule ya kitaifa ya bweni ina karo ya mzazi ya Sh53,554 juu ya mgao huo, hivyo pengo hilo ni kama asilimia 7 ya jumla ya pesa zake kwa mwanafunzi mmoja. Shule ya kutwa haina karo ya kuegemea. Kwake pengo lilo hilo ni asilimia 24. (Pesa za chakula cha mchana tusizihesabu, hizo huishia kwenye sufuria.)

Mishahara ya walimu wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu) haiguswi, kwa hivyo kinachokatwa ni kile kingine chote: walimu walioajiriwa na bodi, stima, maji, chaki, na zaidi ya yote maabara. Mtihani wa vitendo wa Kemia humtaka kila mtahiniwa awe na bureti na pipeti yake, vifaa vya kupimia vimiminika. Shule ikiwa na bureti kumi kwa darasa la wanafunzi 50, katika kila kundi la watano, wanne watajifunza kwa kutazama mkono wa mmoja. Kisha tunaambiwa mtoto ana uhuru wa kuchagua mkondo wa sayansi.

Ratiba nayo ina lake. Mgao hugawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Nusu hiyo ya kwanza ikichelewa, mwalimu mkuu hukopa vitabu na kemikali, na muuzaji anayejua atangoja miezi huongeza bei tangu mwanzo. Baadaye shule huchota akaunti ya masomo kulipa bili ya stima, ambayo ni ya akaunti ya uendeshaji, na mkaguzi wa hesabu akija hilo huwa kosa hata kama hakuna senti iliyoibwa.

Wanaosema pesa zimfuate mtoto hadi shule anayochagua wana hoja, ila wachunguze jinsi mtoto anavyohesabiwa. Mgao hufuata idadi iliyo kwenye mfumo wa wizara. Mwanafunzi akihama muhula wa pili, shule ya zamani lazima imwachilie kwenye mfumo kwanza. Ikizembea, shule mpya inamfundisha bila kumhesabia. Asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama papo hapo. Na mtoto wa mitaa ya mabanda ya Mathare au Mukuru anayesoma katika shule ya kibinafsi ya mabati kwa sababu shule ya umma iko mbali au imejaa hafuatwi na shilingi hata moja.

Ikiwa hazina haitoshi, makato yasiwe sawa kwa wote. Shule za kutwa zilipwe Sh22,244 kamili kwanza, zenye karo za bweni zibebe sehemu kubwa ya upungufu. Vilevile kila shule ibandike langoni tarehe ambayo pesa zilifika, idadi ya wanafunzi waliohesabiwa na kiasi kilichoingia kila akaunti. Mzazi wa shule ya wanafunzi 400 atajua kwamba muhula wa kwanza ulipaswa kuleta Sh4,448,800, na akikuta Sh3,380,000 ataelewa kwa nini maabara imefungwa kabla ya kumlaumu mwalimu mkuu.

Mjumbe wa bodi ya shule ya kutwa,
Kayole, Nairobi