YAH: Malalamiko Kuhusu Kompresa ya AC Mliyonifungia na Ile ya Kwangu Mliyokataa Kunirudishia

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Matengenezo ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kulinda heshima ya ofisi yako. Masharti ya dhamana yenu unayajua kuliko mimi, na kadi ya kazi ya Noah yangu ya kijivu ipo kwenye mafaili yenu, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza kwa kirefu nilifikaje kwenu: AC iliacha kupoza, mkatoa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, mkafunga nyingine. Naomba uanze kwa kunijibu swali moja: kompresa yangu ya zamani iko wapi?

Niliiomba siku nilipokuja kuchukua gari. Bango lenu pale mapokezi linasema mteja anayo haki ya kukabidhiwa spea iliyotolewa kwenye gari lake. Nilimwonyesha msimamizi wenu wa karakana bango hilo kwa adabu zote. Akanitazama juu hadi chini, akasema: "Dada, hiyo kompresa utaifanyia nini? Utaokea keki?" Mafundi wakaangua kicheko. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakageuka kuniangalia. Sikupewa kompresa, sikupewa maelezo, na hadi leo sijaombwa radhi.

Alijua naoka keki kwa sababu mwenyewe nilimweleza siku ya kwanza. Nilimwambia gari hili ndilo linabeba keki za harusi za wateja wangu, na bila AC kazi yangu inasimama. Nilidhani taarifa hiyo ingewafanya mlichukulie tatizo langu kwa uzito.

Sasa huo mliouita uchunguzi. Fundi wenu aliwasha injini, akabonyeza kitufe cha AC, akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akachungulia chini ya boneti, akaona klachi, ile inayounganisha kompresa na mzunguko wa injini, haishiki. Basi. "Kompresa imekufa." Geji ya kupimia presha ya gesi hakuleta. Hakupima kama umeme unafika kwenye klachi. Rilei na fyuzi hakugusa. Nilikuwa nimesimama pale pale nikishuhudia. Na nilikuwa nimemweleza vizuri kwamba ubaridi ulipungua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa kabla haujakata kabisa, na kwamba hakukuwa na mlio wowote, si kugonga, si mkanda kupiga mluzi. Fundi wa AC anayejua kazi yake akisikia maelezo hayo anaanza kutafuta mahali gesi inapovujia. Wenu alianza kutafuta bei.

Na bei mkaipata: kompresa "mpya" shilingi 780,000, ufundi 80,000, gesi 60,000. Nililipa zote 920,000. Nilipodai risiti ya EFD nikaambiwa mashine haina mtandao, nikaandikiwa karatasi ya mkono. Karatasi hiyo ninayo, ina mhuri wenu, na neno "mpya" limeandikwa na mtu wenu kwa kalamu ya bluu.

AC ilipoa kwa muda mfupi tu. Nikarudi. Mkaniongezea gesi, mkanitoza tena 60,000 kana kwamba dhamana haipo, na hakuna aliyejiuliza gesi ya mwanzo imekwenda wapi wakati mfumo wa AC umefungwa na gesi haichomwi kama petroli. Ikiisha, imevuja. Nilimuuliza hivyo msimamizi yule yule, akanijibu kwamba joto la Dar ndilo linamaliza gesi! Huyo ndiye mtu mliyemkabidhi karakana.

Ile Jumamosi ya keki ilikuja baada ya hapo. Keki ya ghorofa tatu, inatoka Tabata kwenda Kigamboni, saa saba mchana, mwezi wa pili. Mnaijua Barabara ya Mandela kwa saa hizo. Nilipofika Tazara AC ilianza kupuliza hewa ya moto, na foleni ilikuwa imesimama. Krimu ya siagi haina uvumilivu. Joto likigonga nyuzi 32 hivi inaanza kulegea. Niliitazama kwenye kioo cha ndani. Maua ya pembeni yaliteleza kwanza, kisha ghorofa ya juu ikaegemea upande mmoja, na kufikia Kurasini yale maandishi ya majina ya maharusi yalikuwa yamechanganyika. Nimemrudishia mama wa bibi harusi shilingi 650,000. Yule mama hakunitukana, alinyamaza tu, na ningefurahi zaidi angenitukana.

Nikaenda kwa fundi mwingine. Yeye alianza na geji kabla hajashika spana yoyote. Injini ikiwa imezimwa, sindano zote mbili, ya upande wa presha ya chini na ya upande wa presha ya juu, zilikuwa chini ya psi 30. Akanieleza kwamba kwa joto la nyuzi 30, gesi ya R134a ikiwepo ya kutosha, sindano zinatakiwa zikaribie psi 100. Gesi ikishuka kiasi hicho, swichi ya presha inakata umeme wa klachi ili kompresa isiungue kwa kukosa oili. Kwa hiyo kompresa nzima kabisa inaweza kuonekana imekufa, na ndiyo maana mtu hahukumu kwa kiganja. Akapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya mabomba. Kwenye ungio moja karibu na kondensa mapovu yakaanza kutoka. Hapo hapo palikuwa na oili iliyoganda na vumbi, vumbi la muda mrefu, la tangu kabla sijafika kwenu. Tatizo ni oringi, kipira cha shilingi elfu chache! Mmefungua mfumo, mmenitoza karibu milioni, na kipira hicho hamkukigusa. Draya nayo, kichujio kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo, ni ile ile ya zamani, wakati kila fundi anajua mfumo ukishafunguliwa draya inabadilishwa kwa sababu imeshanyonya unyevu.

Alibadilisha oringi, akavuta vakyumu kutoa hewa na unyevu kwa zaidi ya nusu saa, akajaza gesi kwa mizani. Klachi ikashika, lakini sindano ya upande wa chini ikabaki juu na ya upande wa juu ikagoma kupanda. Maana yake kompresa mliyonifungia haisukumi. Akaikwangua kwa kucha. Rangi nyeusi ikabanduka, chini yake mikwaruzo na kutu. Ni mtumba uliopakwa rangi. Picha ninazo, na fundi yuko tayari kusema aliyoyaona.

Sasa naelewa kwa nini sikupewa ile ya zamani. Na hapa naomba nirudie, kwa sababu sitaki lipite kama jambo dogo. Nimesimama kaunta. Nimeomba mali yangu, mali iliyokuja nchini ndani ya gari langu. Mwanamume aliyevaa sare ya kampuni yako, mbele ya watu, ananiambia nitaokea keki. Wanacheka. Anachukua funguo za gari langu, anazirusha kaunta badala ya kunipa mkononi, zinateleza, zinaanguka sakafuni upande wangu. Haombi samahani. Anageuka anaingia ndani. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake ndiye aliyeinama akaziokota, akanifutia vumbi kwenye kibanio cha funguo, akanikabidhi kwa mikono miwili akisema, "Pole, binti yangu." Mteja wenu alinistahi kuliko mfanyakazi wenu. Na angekuwa mwanamume ndiye anayedai spea yake, sidhani kama yule angethubutu.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa nimepanga kudai mnifungie kompresa mpya kweli, na draya mpya, bure, mkisafisha mabomba kwanza. Sitaki tena. Gari langu halitaguswa na mikono yenu. Nataka mambo haya:

Mnirudishie 980,000 nilizolipa kwenu, pamoja na 650,000 za keki, jumla shilingi 1,630,000. Mnirudishie kompresa yangu ya asili, yenyewe, na si chuma chochote mtakachookota stoo. Namba yake nimeihifadhi kwenye picha. Kama mmeshamfungia mtu mwingine, andikeni hivyo kwa barua na mlipe thamani yake juu ya hiyo jumla. Na yule msimamizi aniombe radhi kwa maandishi, kwa jina lake na cheo chake.

Natoa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, sitapiga simu kukumbusha. Napeleka karatasi yenu yenye neno "mpya" na picha za mtumba wenu Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hairuhusu mteja kudanganywa kuhusu bidhaa anayouziwa. Karatasi hiyo hiyo naipeleka TRA, waje waangalie wenyewe ni mara ngapi mashine yenu ya EFD inakosa mtandao. Na mahakamani nitadai pia gharama za usafiri ninaoukodi sasa kila mwisho wa wiki ili keki zifike.

Msinitumie ofa ya sevisi ya bure. Msinitumie ujumbe wa "tunathamini maoni yako". Nataka hela yangu, kompresa yangu, na barua ya radhi.

Wenu,

Mteja, mwenye Noah ya kijivu

Nakala: Mwanasheria wangu
Viambatisho: Karatasi ya malipo yenye mhuri wenu; picha za kompresa; maelezo ya fundi kwa maandishi