Dawa ya Ebola ipo, lakini je, tunayo karibu?

Ndugu Mhariri,

Bado nasikia watu wakisema Ebola haina dawa. Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu inamfanya mgonjwa ajifiche nyumbani.

Mwaka 1995 mjini Kikwit, Kongo, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba wakaishi. Wengi walitilia shaka, na kweli wagonjwa walikuwa wachache mno. Lakini baadaye, katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, ikapatikana kingamwili, yaani protini ya mwili ya kupambana na vijidudu, inayokizuia kirusi kuingia kwenye seli. Ndiyo iliyozaa dawa ya mAb114, inayotolewa kwa dripu mara moja tu.

Majaribio yalifanyika mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2018, huku risasi zikilia. Kati ya waliopewa mAb114, asilimia 35 walifariki. Kwa ZMapp, dawa ya kulinganishia, karibu nusu. Waliowahi matibabu walinusurika zaidi. mAb114, pamoja na dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Dawa hizi mbili ni za Ebola aina ya Zaire. Mlipuko wa Uganda wa mwaka 2022 ulikuwa wa aina ya Sudan, hivyo hazikufaa.

Naziomba wizara zetu za afya zitueleze: je, dozi zimewekwa karibu na mipaka ya Kongo? Na utafiti wa aina ya Sudan unapata fedha kiasi gani kutoka kwetu wenyewe?

Msomaji wako,
Bukoba