Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa kawaida taarifa hii huanza na tamasha letu la vikaragosi, ikafuata fedha, na watu wakaja mwisho. Mwaka huu naanza na mtu mmoja. Ameomba jina lake lisiandikwe, nami namheshimu. Nyote mnamjua kwa jina la Fundi.

Fundi amestaafu. Wiki chache kabla ya tamasha aliiandikia kamati kwamba bega la kulia limekataa. Wanaochezesha vikaragosi vya mkono hawahitaji kuelezwa zaidi. Unasimama nyuma ya pazia, mkono umeunyoosha juu ya kichwa, damu inashuka, vidole vinaanza kufa ganzi, na kikaragosi kinazama kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Aliyekaa mbele anaona mtu anayetembea huku akididimia mtoni. Nimekaa mbele ya Fundi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kuona kikaragosi chake kikizama.

Vijana wengi humwona pale alipofika tu, hawajui alikopitia. Alianza kwa kubeba masanduku na kushona mikono ya nguo iliyochanika. Baadaye akapewa wanyama wasiosema, na miaka ilipita kabla ya kukabidhiwa kikaragosi chenye maneno. Hadi leo humfundisha mtu macho kabla ya mdomo: kikaragosi kitazame kwanza, kielewe, ndipo kijibu. Asiyejua hilo hupapatisha mdomo kwa kila silabi, na watoto huchoka naye upesi.

Kule Japani, katika bunraku, sanaa yao ya jadi ya vikaragosi, kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu 3. Mmoja hushika miguu, mwingine mkono wa kushoto, na mkuu wao hushika kichwa na mkono wa kulia. Kwa desturi mtu hukaa kama miaka 10 kwenye miguu na mingine 10 kwenye mkono wa kushoto kabla ya kukigusa kichwa. Zamani niliona hayo ni mateso ya bure. Siku ya mwisho ya tamasha letu ndiyo iliyonibadilisha.

Jioni ile onyesho la Fundi lilichukuliwa na mwanafunzi wake, binti ambaye wengi wenu mmemzoea akikunja mapazia. Nilikuwa nyuma ya jukwaa. Fundi aliketi kwenye kigoda, chini ya mkono wa binti. Walipofika pale bibi kizee anapomngoja mwanawe, mahali ambapo kikaragosi hakisemi neno wala hakitikisiki, mkono wa binti ukaanza kutetemeka. Fundi hakusema kitu. Aliinua kiganja chake cha kushoto, akakiweka chini ya kiwiko cha binti, na kukishikilia hapo mpaka tukio likaisha. Mbele ya pazia bibi kizee alisimama wima, na ukumbi mzima ulikuwa kimya.

Tamasha lenyewe lilidumu siku 3. Maonyesho ya vivuli yalijaza ukumbi kupita yote. Vikaragosi vya nyuzi vilipata shida na upepo wa uwanjani, na mwakani lazima viwe ndani. Mwenye ukumbi mmoja alitubadilishia saa asubuhi ya onyesho, watoto wakangoja mlangoni kwa muda mrefu. Hilo limeniuma, na mkataba ujao utaandika saa waziwazi. Kugongana kwa maonyesho mawili siku ya pili ni kosa la kamati, na kama mwenyekiti nawaomba radhi vikundi vyote viwili.

Wapo wanachama walioshauri tamasha lihamie jiji kubwa. Nimewasikiliza kwa makini na sikubaliani nao. Chrudim, mji mdogo wa Ucheki, umekuwa na tamasha la vikaragosi tangu 1951. Charleville-Mézières ya Ufaransa si jiji kubwa, lakini tamasha lililoanza pale mwaka 1961 huwavuta wachezeshaji kutoka pande zote za dunia, na shule ya sanaa hii imejengwa hapo hapo. Katika mji mdogo, mtoto aliyeona onyesho jana hukutana na mchezeshaji njiani leo, akamsimamisha na kumuuliza yale macho yanafumba vipi. Maswali ya namna hiyo ndiyo yaliyotuletea yule binti. Jijini angelala, akasahau.

Kuhusu fedha, mhazini ataeleza kwa kirefu. Mimi niseme moja tu: hatudaiwi.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. La kwanza, sehemu ya bajeti ya jukwaa ihamie kwenye karakana, ili kila mkongwe anayeonyesha tamashani awe na mwanafunzi kando yake nyuma ya pazia, mwenye kazi maalumu, hata kama ni kushika miguu tu. Najua maana yake ni maonyesho machache zaidi. Naliunga mkono hata hivyo. La pili, tarehe 21 Machi, ambayo tangu 2003 huadhimishwa kama Siku ya Vikaragosi Duniani chini ya UNIMA, umoja wa wachezeshaji ulioundwa Prague mwaka 1929, tufungue karakana kwa yeyote apendaye kuingia.

Limebaki suala la sanduku. Fundi ametukabidhi vikaragosi vyake vyote, kwa sharti kwamba vichezeshwe, visiwekwe nyuma ya kioo. Kamati imegawanyika. Wenzangu wanahofia nguo za zamani zitachanika, na hofu yao ina msingi, kwa kuwa jasho la mkono hula kitambaa. Mimi naamini kitambaa hushonwa upya, na yeye mwenyewe alianza kazi kwa kushona. Mtapiga kura ninyi.

Sanduku litakuwa mezani siku ya mkutano, likiwa wazi. Atakayetaka kuingiza mkono anawe kwanza na kuukausha vizuri. Ndivyo Fundi alivyoagiza.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti