Kifua kikigongwa msiangalie damu tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu ni bodaboda, majuzi alianguka pale Igoma usukani ukamgonga kifuani, akainuka akajipangusa vumbi akasema yuko fiti, watu wakamfunga khanga kifuani wakakaza kweli kweli wakijua wanamsaidia kumbe ndo wanambana asivute pumzi wala kukohoa. Zahanati tuliyoanzia wakampa dawa za maumivu, wakasema kalale.

Usiku hawezi hata kumaliza sentensi, anahema juu juu, mishipa ya shingo imetuna. Kumbe ubavu uliovunjika umetoboa pafu, hewa inavuja inajaa kifuani inalibana pafu lenyewe mpaka na moyo. Hospitali daktari hakusubiri hata eksirei, alichoma sindano nene ubavuni hewa ikatoka fyuuu, ndo wakaweka mpira wa kutolea hewa kifuani, nikakaa naangalia mapovu yanavyotoka kwenye chupa ya maji chini ya kitanda.

Jamani, aliyegongwa kifuani msimfunge, na kama shingo na mgongo viko salama mwacheni akae, ndo anapumua vizuri. Kutoonekana damu kusiwadanganye, pafu linaweza kuharibika masaa kadhaa baadaye.

Na nyie wahudumu wetu, naomba sana, kile kidude cha kupima oksijeni kidoleni kitumieni, hesabuni pumzi, mwangalieni mtu kwa muda ndo mumruhusu. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, tutaifuata mgonjwa akishapumua.

Mkazi wa Igoma, Mwanza